Kompyuta ya asiyeona ikinyamaza, ipime kama mgonjwa

NA DAKTARI WETU

MWALIMU mmoja mstaafu, mkazi wa Usenge katika Kaunti ya Siaya, aliingia chumbani mwangu asubuhi moja akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake. Nilipompima, shinikizo lake la damu lilikuwa juu kuliko nilivyowahi kulipata kwake. Nikamwuliza kama alikuwa akimeza dawa zake. Alinyamaza kwa muda, kisha akamwomba kijana atoke nje kidogo.

"Daktari," aliniambia mlango ulipofungwa, "sijameza dawa wiki tatu sasa. Si kwamba zimeisha. Kompyuta yangu imekuwa bubu."

Huenda, msomaji, ukashangaa dawa na kompyuta vinahusiana vipi. Mwalimu huyu alipofuka kutokana na ugonjwa wa glakoma. Kwa miaka kadhaa amekuwa akitumia kompyuta ndogo ya kubeba inayomsomea kwa sauti kila kilichoandikwa ndani yake. Humo ndimo anamoweka orodha ya dawa zake, tarehe za kliniki na barua anazotumiwa na wanaomtibu. Na miongoni mwa maradhi anayotibiwa, umo mmoja ambao hataki majirani waujue. Sitautaja, nawe usijaribu kuukisia.

Ilitokea kwamba dawa zake zilibadilishwa. Maagizo mapya yalikuwa ndani ya mashine isiyosema. Angeweza kumwomba mjukuu amsomee, ama jirani, ama kijana wa kibanda cha M-Pesa. Yeye aliona heri akae bila dawa kuliko siri yake isomwe na mtu mwingine.

Ndiyo maana ukurasa huu wa afya unazungumzia kompyuta leo. Kwa anayeona, kompyuta ikikosa sauti ni kero ndogo tu. Kwa asiyeona ni sawa na kufungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Hata hivyo, ukimya huo aghalabu hauna sababu kubwa. Unaweza kupimwa na kuondolewa kwa hatua chache, na mara nyingi na mwenye mashine mwenyewe, mradi ajue pa kuanzia.

Macho kwanza

Kabla hatujaigusa mashine, tuyaguse macho. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 ulimwenguni wana matatizo ya kuona, na kwamba kati yao wasiopungua bilioni moja matatizo yao yangezuilika au bado hayajashughulikiwa. Kwa hivyo, usikubali kuambiwa kwamba kupofuka ni sehemu ya uzee.

Mtoto wa jicho, yaani ule ukungu mweupe unaofunika mboni, huondolewa kwa upasuaji mfupi na mtu akaona tena. Glakoma ni tofauti. Huharibu mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni hadi ubongoni, mara nyingi kwa sababu shinikizo la maji yaliyo ndani ya jicho limezidi. Mara nyingi haiumi, na huanza kwa kula pembeni mwa macho, hivi kwamba mwenyewe hajui hadi amebaki kuona kama anayechungulia kwenye bomba. Kilichopotea hakirudi. Dawa na upasuaji huokoa kilichobaki.

Ikiwa umefikisha miaka arobaini, na hasa kama mzazi au ndugu yako alipofuka, nenda upimwe shinikizo la macho. Kwa wakazi wa ufuoni, Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu inatibu macho, na ile ya Sabatia katika Kaunti ya Vihiga ni ya macho hasa. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri. Tena, acha tabia ya kununua dawa yoyote ya kudondoshea machoni bila kupimwa, kwani baadhi zina kemikali za steroidi ambazo zikitumiwa kwa muda huweza kuleta glakoma yenyewe.

Lakini kuna wale ambao tumewapima, tukawatibu, na bado wakapoteza uwezo wa kuona. Kazi ya daktari haiishii hapo. Mtu huyu bado ana dawa za kumeza, barua za kusoma na maisha ya kuendesha.

Mfumo usiouzwa

Kompyuta ya mwalimu inaendeshwa na mfumo uitwao Ubuntu. Mfumo huu hauuzwi. Kila mtu ana ruhusa ya kuuchukua, kuutumia na kumpa mwenzake. Ulitolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni lilelile neno letu la utu. Msingi wake ni Linux, kazi iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi nchini Finland.

Kwa asiyeona, faida yake kubwa ni kwamba kisomaji cha skrini kimo ndani tayari, bila malipo. Kinaitwa Orca. Kisomaji cha kulipia huweza kumgharimu mtu zaidi ya kompyuta kuukuu yenyewe, na wengi hapa nchini wameishia kutumia nakala za wizi ambazo hugoma siku yoyote. Wanaotumia Windows nao wana kisomaji cha bure kiitwacho NVDA, kilichoanzishwa mwaka 2006 huko Australia.

Kiswahili hakikuachwa nyuma. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kuandikia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mwaka 2005 Mucemi Gakuru wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walieleza kazi yao ya kuifunza kompyuta kutamka Kiswahili. Na programu ndogo ya sauti iitwayo eSpeak, iliyo katika kompyuta nyingi za Linux, ina sauti ya Kiswahili. Ni sauti ya kibati, haina utamu. Lakini inaeleweka, haili bando la intaneti na inafanya kazi katika mashine kuukuu.

Viungo vitano

Ili utibu, lazima ujue mwili ulivyoundwa. Sauti ya kompyuta hii hupitia viungo vitano, mmoja ukimpokeza mwenzake.

Cha kwanza ni Orca, ambayo ndiyo ubongo. Hutazama kilicho kwenye skrini na kuamua kipi kisemwe. Cha pili ni programu iitwayo Speech Dispatcher. Hii ni kama tarishi wa ofisini: hupokea maneno kutoka kwa Orca na kuyapeleka kwa msemaji. Cha tatu ni msemaji mwenyewe, eSpeak, ambaye hugeuza maandishi yakawa sauti. Cha nne ni njia ya sauti ndani ya mashine, inayoamua sauti itokee wapi na kwa nguvu gani. Cha tano ni spika, ndio mdomo.

Kiungo kimoja tu kikiziba, mtumiaji husikia kitu kilekile: kimya. Ndiyo maana watu hukata tamaa haraka. Mgonjwa aliyezimia huweza kuwa amepungukiwa na sukari, au ana malaria kali, au amegongwa kichwani. Daktari haanzi kwa kumpasua. Huuliza, kisha hupima, akianza na vipimo rahisi.

Anza kwa maswali

Swali la kwanza ni hili: kompyuta ilisema mara ya mwisho lini, na baada ya hapo ilifanywa nini? Je, ilisasishwa? Je, mtoto aliichezea? Je, ilichomekwa spika za masikioni, ama waya wa televisheni? Je, ilizimika ghafla stima ilipopotea?

Swali la pili: je, imenyamaza yote, au ni programu moja tu? Ikiwa inasoma barua vizuri lakini inanyamaza ukifungua programu fulani, sauti haina kosa. Programu hiyo haikuandikwa kwa kuwafikiria wasioona. Tafuta nyingine ya kazi hiyohiyo.

Swali la tatu: je, ni kompyuta kweli iliyonyamaza, au haijawaka? Usicheke. Asiyeona hawezi kuona taa. Gusa upande inapotokea hewa ya moto, usikie kama kuna joto ama mvumo wa feni.

Vipimo, kimoja kimoja

Kipimo cha kwanza ni cha mdomo. Chomoa kila kitu: spika za masikioni, waya wa televisheni, flashi. Kisha bonyeza kitufe cha kuongeza sauti mara tatu au nne. Katika Ubuntu aghalabu husikika mlio mfupi kila unapobonyeza. Ukiusikia, spika na njia ya sauti ni nzima, na ugonjwa uko kwenye viungo vya juu. Usipousikia, bonyeza mara moja kitufe cha kuzima sauti, halafu urudie. Kitufe hiki hubonyezwa kwa bahati mbaya kila siku.

Kipimo cha pili ni cha ubongo. Bonyeza kwa pamoja vitufe vitatu: Alt, kile chenye nembo ya Windows, na herufi S. Hivi ndivyo Orca huwashwa na kuzimwa. Subiri sekunde kumi bila kugusa chochote. Ikiwa Orca ilikuwa imewaka, utakuwa umeizima, kwa hivyo bonyeza tena vilevile na usubiri tena. Wengi huharibu hapa kwa kubonyeza haraka haraka, wakiiwasha na kuizima pasipo kujua.

Bado kimya? Orca ina amri ya kujinyamazisha bila kuzimika. Ni Insert pamoja na S, au Caps Lock pamoja na S ikiwa umeipanga kwa kibodi ya kompyuta ya kubeba. Bonyeza mara moja usikilize. Hilo lisipofaa, bonyeza Alt na F2, andika orca --replace kisha ubonyeze Enter. Hiyo humwondoa Orca aliyekwama na kumweka mpya mahali pake.

Kipimo cha tatu ni cha tarishi. Bonyeza Ctrl, Alt na T ili ufungue dirisha la amri. Subiri kidogo, andika spd-say jambo, kisha Enter. Ukisikia neno "jambo", basi tarishi, msemaji na mdomo wote ni wazima na kosa liko kwa Orca au mipangilio yake. Usiposikia, andika killall speech-dispatcher na Enter. Usiogope neno "kill". Hapa unamwachisha kazi tarishi aliyelala ili aajiriwe mwingine. Kisha rudia ile amri ya orca --replace.

Kipimo cha nne ni cha msemaji. Katika dirisha lilelile andika espeak-ng jambo, ikiwa programu hiyo imewekwa kwenye mashine yako. Ikiwa espeak-ng inasikika lakini spd-say haisikiki, mgonjwa ni tarishi. Zote mbili zikinyamaza, rudi kwenye njia ya sauti.

Kipimo cha tano, cha njia ya sauti, ndicho pekee kinachohitaji macho ya kuazima kwa dakika mbili. Mwambie anayeona afungue mipangilio, aende penye sauti, na atazame sauti imeelekezwa wapi. Mara nyingi atakuta imeelekezwa kwenye televisheni ambayo haipo, au kwenye spika za Bluetooth zilizoachwa nyumba ya jirani. Achague spika za ndani. Anayejua dirisha la amri anaweza kuandika alsamixer. Humo, njia iliyozimwa huonyesha herufi MM, na kubonyeza M huifungua. Tazama kwamba msaidizi huyu hahitaji kufungua barua yako hata moja. Anatazama spika tu, siri yako inabaki yako.

Inasema, lakini vibaya

Si kila ugonjwa ni ububu. Kuna dalili nyingine tatu zinazowatisha watu bure.

Ya kwanza ni kusoma Kiingereza kwa matamshi ya Kiswahili, au kinyume chake. Maneno "take two tablets" yakisomwa na sauti ya Kiswahili hutoka "ta-ke two ta-blets", na mtu akadhani mashine imerukwa na akili. Haijaugua. Imechaguliwa lugha isiyofaa. Fungua mipangilio ya Orca kwa Insert na kitufe cha nafasi, nenda penye sauti, uchague lugha. Kwa barua za Kijaluo, sauti ya Kiswahili huzitendea haki zaidi kuliko ya Kiingereza, kwani vokali zetu na zao husomwa karibu sawa.

Ya pili ni kusema kwa kasi mno. Waliozoea husikiliza kwa kasi ambayo mimi siwezi kuifuata, lakini anayeanza apunguze. Kasi nayo iko katika mipangilio hiyohiyo ya sauti.

Ya tatu ni kukatakata maneno au kukwaruza. Mara nyingi mashine imeelemewa na programu nyingi zilizofunguliwa pamoja. Zifunge, uiwashe upya. Isipopona, jaribu spika za masikioni. Sauti ikiwa safi huko, basi spika za ndani ndizo zimechoka.

Namba za dawa

Hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko popote pengine, wewe usiyeona na wewe unayemtunza asiyeona.

Kisomaji cha skrini, kulingana na kilivyopangwa, huruka baadhi ya alama. Nukta, mkwaju na kistari huweza kupitwa kimya kimya. Katika hadithi hilo halina madhara. Katika dawa, tofauti ya miligramu 2.5 na miligramu 25 ni nukta moja tu, na kipimo cha pili ni mara kumi ya kile cha kwanza. Vivyo hivyo, ule mtindo wetu madaktari wa kuandika 1x3 husomwa "moja eksi tatu", na mgonjwa akabaki kubahatisha.

Kwa hivyo, usimeze dawa kwa namba uliyoisikia mara moja. Rudi mwanzo wa mstari, upite juu yake kwa kitufe cha mshale wa kulia, herufi moja baada ya nyingine. Orca itakutajia kila herufi na kila alama. Andika mwenyewe orodha yako kwa maneno kamili: "nusu kidonge, asubuhi na jioni". Ukiwa na shaka, piga simu kituoni kabla ya kumeza.

Na usiache dawa kwa sababu mashine imenyamaza. Dawa za shinikizo la damu, kisukari, kifafa, virusi vya Ukimwi na zile za macho zenyewe haziachwi ghafla. Mhudumu wa afya anafungwa na kiapo cha siri. Ukikosa wa kukusomea unayemwamini, njoo na karatasi yako kliniki, uombe usomewe faraghani.

Kosa letu madaktari

Kuna ukimya mwingine ambao si wa mashine. Mgonjwa anafungua barua aliyotumiwa, Orca inafanya kazi, na bado haisemi lolote. Sababu ni kwamba hakutumiwa maandishi. Ametumiwa picha ya maandishi. Karatasi iliyopigwa picha kwa simu, au iliyopitishwa kwenye skana, kwa kompyuta ni kama picha ya ng'ombe. Haioni herufi humo.

Kuna programu ya bure iitwayo Tesseract inayoweza kutambua herufi zilizopigwa chapa ndani ya picha, Kiswahili kikiwemo. Lakini haitausoma mwandiko wa daktari, ule ambao hata muuza dawa huugeuza juu chini akiutafuta maana. Lawama hii naipokea pamoja na wenzangu. Barua ya mgonjwa asiyeona iandikwe kwa chapa na itumwe kama maandishi. Inatuchukua dakika tano. Kwake ni tofauti ya kujisomea na kusomewa.

Kinga

Kinga ni bora kuliko tiba, hata kwa kompyuta. Jizoeze zile amri tatu za mwanzo siku ambayo mashine ni nzima, si siku ya ugonjwa. Uzikariri, au uziandike kwa nukta nundu. Bonyeza Insert na H ili ujifunze vitufe: Orca itakutajia kazi ya kila kitufe bila kukitekeleza, hadi ubonyeze Escape.

Weka spika za masikioni karibu. Zina kazi mbili: kupima spika za ndani zinapoharibika, na kuzuia barua zako zisisomwe kwa sauti kubwa sebuleni wageni wakiwapo.

Usiisasishe kompyuta siku moja kabla ya kliniki au ya kazi muhimu. Isasishe siku uliyo na nafasi, na stima ikiwepo. Nakala ya orodha ya dawa iwe pia kwenye simu yako, kwani simu nyingi za Android zina kisomaji chao kiitwacho TalkBack. Asiye na mguu mzuri hategemei fimbo moja.

Mwisho, chagua fundi wako mapema. Fundi asiyeijua Orca akiona kompyuta haina sauti, tena ina mfumo asiouzoea, jambo la kwanza atakalokuambia ni kwamba lazima afute kila kitu na kuweka Windows. Mkatalie hadi vile vipimo vitano vifanywe. Na hata ikibidi mfumo uwekwe upya, kuna mfumo mwingine wa bure uitwao Debian ambao asiyeona anaweza kuuweka mwenyewe: orodha ya mwanzo inapotokea, anabonyeza S na Enter, na kazi yote inaendelea kwa sauti.

Ni haki, si hisani

Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia nukta nundu au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa, na haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Mwaka 2017 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu kugeuzwa katika namna ambayo wasioona wanaweza kusoma.

Ukitaka mafunzo au ushauri, uliza Kenya Society for the Blind, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1956, au Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mzazi wa mtoto asiyeona huku Magharibi asimfiche nyumbani. Shule ya Wasioona ya Kibos, mjini Kisumu, ipo kwa ajili yake.

Na yule mwalimu? Nilimwita mjukuu arudi ndani, nikamwuliza lile swali la kwanza: mashine ilifanywa nini kabla ya kunyamaza? Kijana akatazama chini. Alikuwa ameiunganisha na televisheni ya jirani ili watazame mechi ya Gor Mahia. Mechi ikaisha, waya ukachomolewa, lakini sauti ikabaki imeelekezwa kwenye televisheni. Kwa wiki tatu nzima Orca ilikuwa ikizungumza kwa bidii, ila kwa mdomo usiokuwapo. Fundi mmoja alikuwa amewadai maelfu ya shilingi ili aifute.

Kompyuta walikuwa wameibeba kwenye mkoba. Sikuwa mgeni wa mfumo huo, kwa kuwa ndio ninaoutumia mwenyewe. Nilifungua mipangilio ya sauti, nikachagua spika za ndani, nikamrudishia mikononi. Ilianza kusema pale pale ilipokuwa, katikati ya sentensi.

Mwalimu hakusema neno. Alitoa spika zake za masikioni mfukoni, akazichomeka, akageuka upande ili asikilize peke yake. Alipomaliza aliniuliza kama dawa ile mpya humezwa kabla ya chakula au baada yake. Nikamjibu. Wiki mbili baadaye shinikizo lake lilikuwa limeshuka.

Kwa leo tukomee hapo. Ikiwa kwenu yuko asiyeona mwenye kompyuta, msomee ukurasa huu kabla hujaufungia omena.